Kazi ya rubani na uzito wa kusema 'hapana'

NI Ijumaa alasiri. Ndege ndogo iliyong'oa nanga katika uwanja wa Wilson jijini Nairobi inakaribia Homa Bay, na abiria walioketi upande wa kulia wameanza kuliona Ziwa Victoria liking'aa kwa mbali. Wengi wao wanakwenda mazishini, wengine Ndhiwa, wengine Mbita na Rangwe, na mwili wa marehemu utatolewa mochari asubuhi na mapema. Ghafla ndege inapinda, inapanda tena mawinguni, na sauti ya nahodha inasikika ikitangaza kwamba hawatatua Kabunde. Wanaelekea Kisumu. Manung'uniko yanaanza papo hapo. "Uwanja si ule pale? Mbona sisi tunauona?"

Kisa hiki nimekibuni, ila hakuna msafiri wa kanda ya ziwa atakayekiona kigeni. Viwanja vya Kabunde katika Kaunti ya Homa Bay na Lichota katika Kaunti ya Migori vimewaletea wakazi wa Nyanza Kusini usafiri ambao zamani walihadithiwa tu na waliotoka Nairobi au Mombasa. Barabarani mtu huhesabu saa saba au zaidi kutoka Nairobi. Angani safari ni ya takriban saa moja. Lichota vilevile imewafaa watalii wanaotoka Maasai Mara, wakateremka Migori, wakavuka mpaka wa Isebania kwa gari na kupanda ndege nyingine Tarime kuelekea Serengeti. Hata hivyo, wengi wetu tunamjua rubani kwa sare yake na mistari ya dhahabu mabegani tu. Kazi yake hasa hatuioni, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuamua, na mara nyingine kuamua kutofanya kile ambacho abiria amelipia.

Swali la kwanza ni nani mwenye kauli ya mwisho ndani ya ndege. Si mwenye kampuni, si mheshimiwa aliyeketi kiti cha mbele, wala si afisa wa mnara wa kuongozea ndege. Kanuni za kimataifa zilizotokana na Mkataba wa Chicago, uliotiwa sahihi Desemba 7, 1944, zinamkabidhi nahodha wajibu wote wa uendeshaji wa ndege, awe ameushika usukani mwenyewe au amemwachia mwenzake, na zinampa uamuzi wa mwisho juu ya chombo hicho muda wote anapokiongoza. Anaruhusiwa hata kwenda kinyume na kanuni za angani pale usalama unapomlazimu, mradi awe tayari kujieleza baadaye. Mkataba wa Tokyo wa mwaka wa 1963 nao unamruhusu kumzuia kwa nguvu abiria anayehatarisha wenzake na kumkabidhi kwa maafisa wa usalama akishatua. Ni mamlaka makubwa ambayo dereva wa basi hana. Lakini yana upande wa pili: mambo yakiharibika, wa kwanza kuulizwa ni yeye, iwapo atakuwa hai.

Kazi huanza kitambo kabla ya abiria kuitwa. Marubani husoma utabiri wa hali ya hewa wa uwanja wanakotoka, wanakokwenda, na wa uwanja wa akiba watakaoukimbilia mambo yakiwa mabaya. Husoma pia ilani zinazotolewa kwa marubani: uwanja gani umefungwa, taa gani hazifanyi kazi, wapi kuna ujenzi. Kisha hupiga hesabu ya mafuta. Hesabu hiyo haiishii kwenye mafuta ya kufika tu. Lazima yawepo ya kufika, ya kutoka hapo hadi uwanja wa akiba, na juu ya hayo yabaki ya kuiwezesha ndege ya injini ya tabo kuzunguka angani kwa dakika 30. Kwa hivyo nahodha anayeigeuza ndege kwenda Kisumu hakubahatisha. Kisumu ilikuwa katika karatasi zake tangu Wilson.

Baada ya hapo rubani huizunguka ndege kwa miguu. Abiria wanaomwona akiinama chini ya bawa hudhani anajinyoosha viungo. Anakagua magurudumu, anatazama kama mafuta yanavuja, anahakikisha maji hayakuingia katika tangi. Anachungulia pia vijibomba vidogo vinavyochomoza mbele ya ndege, ambavyo hewa huingia ili vipimo vionyeshe kasi. Vikiziba, saa ya kasi husema uongo. Nyigu hupenda kujenga ndani ya matundu kama hayo ndege inapolala siku kadhaa bila vifuniko. Mwezi wa Februari 1996 ndege ya kampuni ya Birgenair ilianguka baharini karibu na Jamhuri ya Dominika na kuua watu wote 189, na wachunguzi walishuku kwamba kiota cha nyigu ndicho kilichoziba bomba mojawapo.

Ndipo huja suala la uzani, ambalo huzua ugomvi katika ndege ndogo kuliko jambo jingine lolote. Ndege ya aina ya Cessna Caravan ina injini moja na hubeba abiria wapatao 12. Katika chombo cha kiasi hicho, kilo 40 zaidi si mchezo. Ndiyo maana kampuni nyingi za safari za aina hii huwataka abiria wabebe mizigo ya kilo 15 pekee katika mifuko laini, na pengine abiria mwenyewe hupimwa pamoja na mkoba wake. Wapo wanaoona wamedhalilishwa. Aliyetoka nyumbani na gunia la omena na mkungu wa ndizi wa kumpelekea dada yake Nairobi huona rubani ana roho mbaya. Rubani naye anajua mambo mawili. Kwanza, uzani ukikaa nyuma mno, pua ya ndege huinuka na huenda isirudi. Pili, ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, Migori iko juu zaidi, na Wilson iko karibu mita 1,700. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua la saa nane mchana huizidisha wepesi. Mabawa hukosa cha kuegemea, injini hupungukiwa nguvu, na ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa. Uwanja hauongezeki urefu kwa sababu kuna joto. Kinachopunguzwa ni mzigo.

Wakati wa kupaa kuna kitu ambacho abiria hawakisikii. Kwa ndege kubwa zenye injini zaidi ya moja, marubani huwa wamepiga hesabu ya kasi ya uamuzi. Kabla ya kasi hiyo, hitilafu ikitokea, ndege husimamishwa. Ikishapitwa, ndege hupaa hata injini moja ikizimika, kwa sababu barabara iliyobaki haitoshi kusimama. Rubani msaidizi huitamka kasi hiyo kwa sauti, na mara nyingi nahodha huondoa mkono wake kwenye vishikio vya nguvu za injini asije akashawishika kuvirudisha nyuma. Mambo yote haya hupita katika muda mfupi kuliko wa kusoma aya hii.

Kati ya Nairobi na Nyanza Kusini kuna milima. Kuna vilima vya Ngong, vinavyofikia karibu mita 2,460, kisha bonde la ufa, kisha safu ya Mau inayovuka mita 3,000 penye vilele vyake. Upande wa ziwa, mlima Homa umesimama peke yake kwa urefu wa mita 1,751, na vilima vya Gwasi viko kusini-magharibi. Siku ya anga safi ni mandhari ya kupendeza. Siku ya mawingu ni kuta zisizoonekana, na kwa kila eneo kuna kimo cha chini ambacho rubani asiyeona nje hatakiwi kushuka zaidi yake. Juni 5, 2018, ndege aina ya Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi ikiwa na watu 10 iligonga milima ya Aberdare. Hakuna aliyenusurika.

Turudi kwenye swali la yule abiria: mbona hatutui ilhali uwanja unaonekana?

Ziwa Victoria hutengeneza hali yake ya hewa. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo huvuma kuelekea ziwani kutoka pande zote, nao ukikutana katikati hupanda na kuzaa radi. Hilo wavuvi wa Mbita na Muhuru Bay wanalijua kuliko mtaalamu yeyote. Mchana mambo hugeuka. Upepo wa ziwa huvuma kuelekea bara, hupanda vilima vya Kisii na Kericho, na alasiri mawingu meusi hujijenga upande huo. Wakulima wa majani chai wa Kericho hupata mvua ya mawe kiasi cha kutajwa miongoni mwa sehemu zinazoipata kwa wingi zaidi duniani. Kwa hivyo ndege ya alasiri kutoka Nairobi hulazimika kupita mlango ambao radi inaufunga taratibu.

Hatari kubwa ya wingu la radi haiko ndani ya wingu pekee. Mvua nzito inapomwagika husukuma chini hewa baridi, na hewa hiyo ikifika ardhini husambaa pande zote kama maji yaliyomwagwa sakafuni. Ndege inayoshuka kuelekea uwanjani hukutana kwanza na upepo wa mbele. Kasi yake hewani huongezeka na rubani asiyejua hudhani mambo ni mazuri, akapunguza nguvu. Sekunde chache baadaye upepo uleule humgeukia kwa nyuma. Kasi hupotea, mabawa hulegea, na ardhi iko karibu. Haya yote yanaweza kutokea huku barabara ya kutulia ikionekana wazi mbele, kwa kuwa mvua yenyewe iko kilomita mbili au tatu kando. Abiria anatazama uwanja. Rubani anatazama saa ya kasi, majani ya miti yanavyolala, na vumbi linavyokimbia.

Majirani zetu wa upande wa pili wa ziwa walipata msiba ambao haujasahaulika. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam na watu 43 ilianguka ziwani ilipokuwa ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, mita kama 500 tu kutoka uwanjani. Watu 19 walifariki, wakiwemo marubani wote wawili. Wavuvi ndio waliotangulia kuwafikia manusura kwa mitumbwi yao.

Kughairi kutua na kupaa tena si dalili ya rubani asiyejua kazi. Ni zoezi analolirudia katika mtambo wa kuigiza safari, ambako marubani wa mashirika hupimwa takriban kila baada ya miezi sita kwa kuzimiwa injini, kuwashiwa moto wa bandia na kufungiwa viwanja. Mafunzo yanamtaka aamue mapema: ikifika kimo fulani na ndege haijatulia sawasawa katika kasi na mstari wake, basi hakuna mjadala, wanapanda.

Lakini nani anamwambia nahodha kwamba ndege haijatulia? Hapa pana jambo ambalo sisi Wakenya tulilijua kwa machozi. Usiku wa kuamkia Mei 5, 2007, ndege mpya ya Kenya Airways aina ya Boeing 737-800 ilipaa kutoka Douala, Cameroon, ikija Nairobi. Ilikuwa giza na radi ilikuwa karibu. Haikupita dakika mbili kabla ya kuanguka katika kinamasi cha mikoko na kuua watu wote 114. Ripoti ya wachunguzi wa Cameroon, iliyotolewa mwaka wa 2010, ilieleza jambo la kushangaza. Nahodha alitamka kwamba mtambo wa kujiendesha ushike ndege. Hapakuwa na jibu la kuthibitisha, na mtambo haukuwa umeshika. Kwa karibu dakika nzima ndege ilikuwa ikiinamia kulia polepole bila mkono wa mtu kuirekebisha. Kengele ya tahadhari ilipolia, nahodha alikuwa amepoteza mwelekeo kwa sababu gizani mwili haupambanui kulala na kusimama, na hatua alizochukua zikaizidisha ndege kuinama. Nahodha alikuwa na umri wa miaka 52. Msaidizi wake alikuwa na miaka 23.

Umri huo si hoja ndogo. Tumelelewa kwamba mkubwa hakosolewi, hasa mbele za watu. Nyumbani ni adabu. Katika chumba cha marubani ni hatari. Ndiyo sababu siku hizi kazi hugawanywa waziwazi: mmoja anaendesha, mwingine anafuatilia vipimo na kusema anachokiona, na wajibu wa kusema ni wa lazima bila kujali mistari mabegani. Kila amri hurudiwa kwa sauti na kuthibitishwa. Orodha za ukaguzi husomwa moja baada ya nyingine hata na watu walioifanya safari hiyo mara 1,000. Chini ya kimo cha futi 10,000 mazungumzo yasiyohusu kazi hukatazwa, ndiyo maana mhudumu hatawapelekea chai wakati huo. Kijana anayemwambia mkubwa wake, "Nahodha, kasi inapungua, tupande," hajakosa heshima. Ametimiza kazi anayolipwa.

Kuna shinikizo jingine lisiloandikwa katika ripoti nyingi, nalo hutoka nyuma ya mlango wa marubani. Nyanza ni kanda ya mikutano mikubwa, harambee na mazishi yenye wageni wa heshima. Wageni hao huja kwa ndege na helikopta, na ratiba yao haipendi mawingu. Wakazi wa Ndhiwa hawajasahau Jumapili ya Juni 10, 2012, walipokuwa wakimsubiri mbunge wao, Orwa Ojode, na Waziri wa Usalama wa Ndani, Profesa George Saitoti. Helikopta ya polisi iliyowabeba ilianguka katika msitu wa Ngong muda mfupi baada ya kutoka Wilson, ikawaua watu sita, wakiwemo marubani wawili. Tume iliyoongozwa na Jaji Kalpana Rawal iliuchunguza mkasa huo, na mabishano kuhusu chanzo chake yaliendelea kwa muda mrefu, sitayafufua hapa. Miaka tisa kabla ya hapo, Januari 24, 2003, ndege iliyowabeba mawaziri kutoka sherehe Busia iligonga nyaya za umeme baada ya kupaa. Waziri wa Leba, Ahmed Khalif, na marubani wawili walifariki.

Sidai kwamba katika visa hivyo kuna mtu aliyemshurutisha rubani. Ninachosema ni kwamba abiria anayegonga mlango kuuliza mbona tunachelewa, au anayepiga simu kwa mwenye kampuni akiwa kwenye foleni, anaongeza mzigo ambao haukupimwa kwenye mizani. Kampuni nzuri humwambia rubani wake bila kuficha kwamba hataadhibiwa kwa kurudi. Kampuni mbaya hunyamaza, halafu hukumbuka gharama ya mafuta mwisho wa mwezi.

Kwa wazazi wa Rongo, Oyugis au Awendo ambao mwanao ametamka kwamba anataka kuwa rubani, njia ni ndefu na ghali. Hisabati, Fizikia na Kiingereza humfaa kuanzia shuleni. Leseni ya kwanza, ya kuendesha ndege kwa matumizi binafsi, hutolewa kwa aliyefikisha umri wa miaka 17 na saa 40 angani. Leseni ya biashara kwa kawaida huhitaji saa 200, na leseni ya juu inayomwezesha mtu kuwa nahodha wa ndege kubwa za abiria huhitaji saa 1,500 na umri wa miaka 21. Masomo hugharimu mamilioni ya shilingi, na mwenye saa 200 hukuta waajiri wakitaka nyingi zaidi, kwa hivyo vijana wengi hukaa miaka wakiwa na leseni bila kazi. Ni vyema mzazi alijue hili kabla ya kuuza shamba. Afya hupimwa kila mwaka, na kwa baadhi ya marubani kila miezi sita. Ugonjwa wa moyo unaogunduliwa asubuhi moja unaweza kuimaliza kazi ya miaka 20. Katika safari za kibiashara za kimataifa, umri wa mwisho ni miaka 65.

Mamlaka ya Safari za Ndege nchini, KCAA, ndiyo hutoa leseni hizo. Wasichana wasijione wageni: Irene Koki Mutungi wa Kenya Airways ndiye aliyekuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa nahodha wa Boeing 787, mwaka wa 2014.

Limebaki jambo moja ambalo huwakasirisha abiria wa viwanja vidogo. Ndege ya asubuhi ikichelewa Nairobi kwa saa mbili, ile ya jioni hufutwa, na watu huambiwa waje kesho. Huonekana kama uzembe. Viwanja vidogo vingi nchini havina taa za kutulia wala mnara wa kuongozea ndege. Marubani hutangaziana wenyewe kwa redio walipo na wanakoelekea, na hutumia macho yao kuona kama barabara ina maji, mbwa au mtoto wa shule anayekatiza. Kazi hiyo haifanyiki gizani. Upande wa ziwa jua huzama baina ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, na ndege inayotakiwa kutua Kabunde au Lichota lazima iwe imefika na nuru ikiwa bado ipo. Nahodha huhesabu kurudi nyuma kutoka hapo: saa moja ya safari, muda wa kupakia, muda wa kuzunguka radi ikiwepo. Hesabu isipotosha, ndege haitoki Wilson.

Ama yule nahodha wetu wa Ijumaa, ameshatua Kisumu, penye barabara ndefu, taa na mnara. Abiria wanateremka wakiulizana nani ana namba ya mwenye matatu ya kwenda Homa Bay kupitia Katito na Kendu Bay. Yeye amebaki kitini na msaidizi wake. Injini zimezimwa, orodha ya mwisho inasomwa, kisha anaandika katika kitabu cha ndege saa aliyotua, mafuta yaliyobaki na sababu ya kutotua alikotarajiwa.